Nukta

Nukta ni kidoa kwenye kioo cha darubini,
cheusi, kidogo kuliko kichwa cha pini.
Nukta ni muda pia,
ule unaopita kope zikigusana.
Siku ile nilikuwa nazo zote mbili
nikadhani ni kitu kimoja.

Oktoba, Idaho, juu ya korongo la Teskey.
Tumbo langu juu ya mawe yenye barafu,
kitako cha bunduki begani,
mtutu umeegemea begi la Dell
(binamu yangu hubeba kila kitu ila lawama).
Ng'ambo, chini ya misonobari,
wapiti dume anakula,
pembe zake matawi sita kila upande,
mvuke unamtoka puani
kama birika lililosahauliwa jikoni.
Mita mia saba na themanini.
Dell aliitaja namba hiyo kwa kunong'ona,
kama mtu anayetaja bei ya shamba.

Bunduki ni ya baba. Orrin Haugen,
fundi wa matrekta, mtu wa maneno machache na penseli fupi.
Aliniachia na daftari:
umbali, mshuko wa risasi, upepo wa kushoto, upepo wa kulia,
safu zimenyooka kama matuta ya viazi.
Zinakwenda hadi mita mia nne,
kisha ukurasa umechanwa.
Nilidhani aliwashia moto, mvua ilipomkuta mlimani.
Namba zilizobaki nikazijaza mwenyewe, kwa simu,
nikazijaribu kiangazi kizima kwenye shimo la kokoto:
mita elfu moja, na sahani ya chuma
ikilia kama kengele ya shule,
nami nacheka peke yangu.

Sahani haitembei.

Nilishusha pumzi nusu.
Upepo niliuhesabu kwa nyasi za huku
na kwa theluji iliyokuwa ikipeperuka kule;
katikati sikuwa na shahidi.
Nikakaza kidole.

Risasi hutangulia mlio wake.
Mnyama hasikii kitu, kwake dunia bado ni nyasi.
Nukta moja na kidogo ikapita,
na ndani ya hicho kidogo
aliona jani bichi mbele yake
akapiga hatua.

Hatua moja. Ya njaa tu.

Sauti ikarudi kutoka ng'ambo, nzito, ya majimaji,
kama gunia lililodondoshwa sakafuni.
"Umempata," alisema Dell.
Kisha: "Nyuma mno."

Tulishuka korongo, tukapanda korongo.
Damu yenye harufu ya tumbo,
tone hapa, tone kule juu ya theluji,
nukta, nukta, nukta,
sentensi zinazoisha bila neno.
Giza likatukuta. Hatukuwasha moto, wala hatukulala.
Dell alikula biskuti, akaniomba radhi kwa kutafuna.
Mahali fulani juu yetu tulisikia tawi likivunjika,
mara moja,
basi.

Alfajiri nilimkuta kando ya mti ulioanguka,
amelala, kichwa bado kiko juu.
Aliponiona hakujaribu kuinuka.
Karibu hivyo darubini haifai kitu,
inaonyesha manyoya tu, ukungu wa manyoya.
Nikalenga juu yake, kwa jicho tupu,
kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka tisa.
Jicho lake lilikuwa kubwa, jeusi,
na ndani yake mtu mdogo mwenye koti la rangi ya chungwa.

Safari hii mlio na risasi vilifika pamoja.

Siku mbili za kubeba nyama.
Paja moja lilikuwa limeshaharibika; tukawaachia kunguru.

Dukani kwa Hollis Brandvold,
wanaume wanaoegemea friji ya chambo
walitoka nje kuzipima pembe kwa macho, wakapiga mluzi.
Wanaijua bunduki ile. Wanalijua shimo la kokoto.
"Umbali gani, Maren?"
Dell alitazama buti zake.
"Hatua kumi," nilisema,
nikalipia chumvi.